Jumatatu Niliyompeleka Gordon kwa Mama

Watu wengine hupendana Jumapili, wakiwa wamevaa vizuri. Mimi na Gordon Okinyi tulipendana Jumatatu, kwa sababu ndiyo siku pekee ambayo mimi siuzi viatu na yeye hashughuliki na wafu.

Nieleze mapema nisije nikadhaniwa mchawi. Mimi nauza viatu vya mitumba Kibuye, na soko letu hufurika Jumapili. Gordon naye anafanya kazi katika duka la kuchapisha mjini. Wanachapisha kalenda, mabango na kadi za harusi, lakini kazi kubwa ni vitabu vya mazishi, vile vyenye picha ya marehemu kwenye jalada na ratiba ya ibada ndani. Kuanzia Jumatano hadi Ijumaa Gordon hukaa mbele ya kompyuta akipanga nyuso za watu waliokwenda. Jumatatu hubeba kamera yake akapanda mlima.

Tulijuana alipokuja kibandani kwangu kutafuta viatu vya kupandia. Nikamuuzia jozi nzuri, namba arobaini na tatu. Wiki iliyofuata akarudi akidai kimoja kinambana. Hakikuwa kinambana. Tangu hapo ni miezi minane, na katika miezi hiyo nimeona vilima vya Kajulu kukipambazuka, nimepanda Got Ramogi huko Bondo nikihema kama ng'ombe mgonjwa, na nimejua kushika stendi ya kamera isitikisike upepo wa ziwa ukivuma.

Katika picha zake hamna watu. Ni mawe, maji, mawingu na miti tu. Siku moja nilimuuliza sababu.

"Beldina," akasema, "wiki nzima natazama nyuso za watu ambao hawapo. Jumatatu niache nitazame kitu ambacho kipo."

Nikabeba stendi yake. Nadhani ndiyo siku niliyompenda, ingawa yeye anajua tarehe nyingine na sijawahi kumsahihisha.

Sasa mama yangu, Maximilla, hakuwa na habari na mawe. Yeye ni mjane, anakaa peke yake Seme tangu baba yangu, Mzee Opiyo, atuache, na alikuwa amenitafutia mwalimu mmoja wa Kombewa, mjane mwenzake, mtu mwenye ng'ombe kumi na mmoja na asiye na hata mzaha mmoja. Kila nikimtaja Gordon kwenye simu, Mama alikuwa na jibu moja.

"Huyo mtu wa kupiga picha mawe? Bibi yake atapika mawe?"

Kwetu mwanamume anayetaka kuoa haingii tu nyumbani kwa mama mkwe kama anaingia dukani. Wazee ndio hutangulia. Kwa hiyo Jumatatu hiyo nilimpeleka Gordon kwa hila ambayo kila mtu aliielewa: alikuwa mpiga picha tu, amekuja kuona kilima cha nyuma ya boma letu. Asubuhi tulipita Kit Mikayi, tukazunguka ile miamba mikubwa mpaka jua likawa kali, na saa nane tukawa tumeketi sebuleni kwa Mama tukinywa chai. Gordon alikaa kiti cha karibu na mlango, magoti yamebanana, kikombe mkononi.

"Beldina aliniambia unafanya kazi ya kuchapisha," Mama akaanza.

"Ndiyo, Mama."

"Hata ya matanga?"

"Hiyo ndio mingi, Mama."

"Basi Mungu amekuleta. Mwezi ujao tunafanya ukumbusho wa mzee, miaka mbili. Nataka kitabu. Lakini si kama hii." Akaingia chumbani, akarudi na kitabu cha mazishi ya Baba kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Akamwekea Gordon mapajani. "Hebu angalia. Huyu ni nani?"

"Mama, tafadhali, leo..." nikasema.

"Sijauliza wewe." Akamgeukia Gordon tena. "Opiyo alikuwa fundi wa baiskeli. Miaka thelathini na nne niko na yeye, sijamwona na tai hata siku moja. Sasa amekufa, wanamvalisha koti. Ya nani? Na haikuishia hapo. Hiyo wiki kulikuwa na matanga ingine ng'ambo ya mto. Wamama wa kanisa wametoka kwangu Ijumaa, Jumamosi wameenda kule, wanakuta marehemu mwingine na koti hii hii! Tai hii hii ya mistari nyekundu! Mpaka kitambaa ya mfukoni! Hadi leo kuna watu sokoni wanauliza kama hao wazee walikuwa wanagawana koti moja."

Nikiri kwamba mimi mwenyewe niliwahi kucheka jambo hili, mara moja tu, nikiwa nimejifungia bafuni. Nilimwangalia Gordon nikidhani na yeye anazuia kicheko. Lakini alikuwa ameweka kikombe chini polepole sana.

"Mama," akasema, "hiyo koti niliiweka mimi."

Kuku akaingia mlangoni, akatembea hadi katikati ya sebule, na hakuna aliyemfukuza. Mama alimtazama Gordon kwa muda mrefu. Kisha akakichukua kitabu, akakirudisha kwenye mfuko wake, akatoka kwenda jikoni.

Nilimvuta Gordon mpaka kwenye ua.

"Kwa nini usingenyamaza?"

"Mpaka lini?"

"Mpaka tuoane! Mpaka tuzae watoto watatu na amzoee wa kwanza! Gordon, nimekaa miezi minane nikitengeneza hii siku. Sentensi moja, umeibomoa!"

"Sikujua ni baba yako. Kina Opiyo ni wengi, Beldina, na wiki hiyo nilikuwa na vitabu saba."

"Sasa ulipojua si ungefunga mdomo?"

"Nikiwa nakunywa chai yake? Nikimwita Mama?" Alinitazama, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi nataka niwe naingia hapa kwa mlango. Nikianza na uongo, nitakuwa naingia kwa dirisha kila siku mpaka nizeeke."

"Mimi nilikuwa nakutaka hata kwa dirisha," nikasema.

Nilikuwa na hasira ya kumrushia kiatu. Lakini chini ya hasira hiyo nilisikia kitu kingine, nami sitakificha: nilishukuru. Nimeuza sokoni miaka tisa, nimedanganywa na wanaume wa kila namba ya kiatu. Huyu alikuwa amepewa nafasi nzuri ya kudanganya, karibu na mlango, na hakuitumia. Nilitamani kumkumbatia na sikuweza, kwa sababu Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

"Wewe," akamwita Gordon. "Nani alikwambia umvalishe?"

Gordon akasogea mbele. "Ndugu yake kutoka Nairobi, Mama. Alileta picha ya kitambulisho. Akasema, mfanye aonekane mtu."

"Alikuwa mtu."

"Ndiyo, Mama. Kompyuta ilikuwa na koti moja tu. Niliweka kwa kila mzee wa hiyo wiki. Nilifikiri watu wa matanga moja hawatafika kwa ingine."

"Hujui wamama wa kanisa."

"Sikuwajua, Mama. Nilikosea, na naomba msamaha."

"Unayo ingine? Picha yake bila hiyo koti?"

Nilimwona Gordon akivuta pumzi. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo, nitatafuta, nipe wiki moja.

"Sina, Mama. Ni hiyo ya kitambulisho tu, na uso ulikuwa umefifia. Sitaki kukudanganya mara ya pili."

Mama akautazama mwiko wake kana kwamba ndio uliosema. Familia yetu haikuwa na picha nyingine ya Baba. Alikuwa mtu wa kukimbia kamera. Kwenye harusi zote za ukoo ni bega lake tu linaloonekana, pembeni. Nilijua kwamba hicho ndicho kilichokuwa kinamla Mama, si koti. Alikuwa anasahau sura ya mume wake na hakuwa na mahali pa kwenda kuitazama.

"Beldina anasema wewe unajua kupiga picha mahali," hatimaye akasema.

"Najaribu, Mama."

"Basi kama hakuna picha ya mtu, nipigie mahali pake. Huko juu kuna jiwe alikuwa anakaa. Kila siku, saa kumi, akishafunga kazi. Kitabu ya ukumbusho iwe na hiyo jiwe, na kile alikuwa anaangalia. Isikuwe na mtu wa koti." Akamwelekezea mwiko. "Ukiharibu hii, usirudi hapa. Hata kwa dirisha."

Kumbe alikuwa amesikia yote. Nilitamani ardhi inimeze.

Saa kumi kasorobo Mama alijifunga leso kiunoni, akavua ndala, akatangulia. Sikuwahi kumwona akipanda kilima kile maishani mwangu. Njiani aliongea na mawe, na miba, na Baba.

"Miaka thelathini na nne! Mimi nawasha moto, yeye anapanda kuangalia maji. Nimempigia kelele mpaka nikachoka. Nikamwambia, kama unapenda ziwa hivyo, oa ziwa! Ziwa ikupikie!"

"Na yeye alijibu nini, Mama?" Gordon akauliza kwa adabu, stendi begani.

"Alijibu? Opiyo? Alikuwa anacheka tu, anachukua redio yake, anaenda."

Tulipofika juu upepo ulitupokea. Ziwa lote lilikuwa chini yetu, magugu maji yametanda kijani karibu na ufuo, vizimba vya samaki vimejipanga mbele zaidi, na ng'ambo kabisa milima ya Homa imekaa ndani ya ukungu wa joto. Gordon akasahau kuogopa. Nimeshamwona hivyo mara nyingi, mabega yakishuka na shingo ikinyooka, na kila mara natamani niwe mlima.

Akasimamisha stendi, akaweka kamera usawa wa kifua chake.

"Hapana," Mama akasema. "Hakuwa anasimama. Alikuwa anakaa. Hapa." Akamwonyesha jiwe bapa lililolala chini ya mwamba, uso wake laini na unang'aa kwa kukaliwa.

Gordon akakunja miguu ya stendi mpaka ikawa fupi. Akapiga magoti, akachungulia. Akainua kichwa akatazama mbele kwa macho yake, akainama akachungulia tena.

"Mama, una hakika alikuwa anakaa hapa? Akiangalia upande huu?"

"Mgongo kwa mwamba, redio hapo kando. Nilikuwa naona kofia yake kutoka chini. Kwani nini?"

"Ziwa haionekani."

"Ati?"

"Ukisimama unaiona yote. Ukikaa, hii miamba miwili ya mbele inaficha maji. Hakuna hata tone."

"Labda kuna kitu kimekua hapo mbele," nikasema.

"Mwamba haukui, Beldina," Mama akasema, lakini hakuwa ananitazama. Alisogea, akashika bega la Gordon ili asianguke, akaketi kwenye jiwe la mume wake kwa mara ya kwanza. Akaegemea. Akatazama mbele, pale katikati ya miamba miwili palipokuwa na mwanya mdogo kama mlango ulioachwa wazi.

Upepo ulikuwa unapeperusha ncha ya leso yake.

"Naona jikoni," akasema.

"Ndiyo, Mama," Gordon akajibu.

"Mlango wa jikoni yangu."

"Na kamba ya nguo, kidogo."

"Hakuna kitu ingine?"

"Hakuna, Mama. Nimeangalia kila upande. Mtu akikaa hapo, hana kitu kingine cha kuangalia."

Mama akafunika mdomo kwa kiganja. "Yaye, Opiyo," akasema polepole, na machozi yakamtoka bila kelele. "Na mimi nilikuwa huko ndani nimenuna. Ningejua, ningekuwa natoka nje mara nyingi."

Nililia mimi pia, kwa kelele, maana sikurithi ustaarabu wa Mama. Gordon akanishika mkono mbele ya mama yangu mzazi, mchana kweupe, na sikuutoa.

Baada ya muda Mama akajipangusa na pindo la leso. Akainuka, akalipangusa jiwe pia.

"Hiyo jua itakuwa nzuri mpaka saa ngapi?"

"Bado tuko nayo kama saa moja, Mama."

"Basi ngojeni hapa."

Akateremka peke yake. Tulimsikiliza mpaka miguu yake haikusikika tena.

Gordon alikaa kando ya lile jiwe, hakulikalia. Nilikaa karibu naye.

"Bado una hasira?" akauliza.

"Kidogo."

"Kwa sababu ya koti?"

"Kwa sababu ulikuwa sahihi. Sipendi hiyo tabia. Usiizoee."

Akacheka, kisha kicheko kikaisha. "Beldina, nimepanga nyuso za watu wengi. Sikuwahi kujua nyumba ambayo picha inaenda kukaa. Asante kwa kunileta."

"Asante kwa kuongea," nikasema. "Mimi ningenyamaza, na Mama angekufa akidhani ni maji." Nikamtazama, na yeye akanitazama, na nilijua kwamba hata Mama akimfukuza jioni hiyo, mimi sitapika ng'ombe kumi na mmoja wa mtu yeyote.

Ndipo Mama akatokea. Kwenye ule mwanya, mdogo kama punje, alitoka kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa amebadilisha nguo, amevaa gauni lake la buluu la kanisani, na mkononi alikuwa na sufuria. Akamwaga maji. Akasimama. Kisha akaweka mkono juu ya macho, akainua uso, akatazama kilimani, akakaa hivyo hivyo.

Gordon aliinama kwenye kamera.

"Kuna mtu kwenye picha yako," nikanong'ona.

"Najua," akasema. "Acha akae."

Alipiga mara nyingi, na kila mara Mama alikuwa hajaondoka.

Tuliposhuka, jikoni kulikuwa na harufu ya samaki. Gordon akamwonyesha Mama picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Mama akaisogeza karibu, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Miamba miwili, mwanya wa mwanga kati yake, na ndani yake mwanamke mdogo sana wa buluu akimtafuta mtu.

"Erokamano," akasema. Asante. Sijui kama alikuwa anamwambia Gordon, au Mungu, au Baba. Labda alikuwa nayo ya kuwatosha wote.

"Nitawaachia mle, Mama," Gordon akasema, akichukua begi lake. "Nitaleta kitabu kikiwa tayari."

"Unaenda wapi? Leo wewe ni mpiga picha. Mpiga picha anakula." Akamletea maji ya kunawa. Nilisimama na taulo, na mama yangu alikuwa anamimina maji polepole mno, kama mtu mwenye swali.

"Mama yako alitoka wapi akiolewa?" akauliza.

Nusura taulo linianguke. Kwetu mgeni huulizwa anatoka wapi, basi. Kijana akiulizwa mama yake alitoka wapi, wanatafuta kama damu zimekutana mahali. Zikiwa zimekutana, mambo yameisha, hata mpendane namna gani. Na swali hilo haliulizwi mtu ambaye hatarudi.

Gordon alilijua vizuri. Aliacha kunawa. "Sakwa, Mama. Upande wa Bondo."

"Na mamake yeye?"

"Alego."

Mama akakunja kidole. Akakunja cha pili. "Na nyanya yako wa upande wa baba?"

Gordon akasita. Nikamwona akitafuta kichwani, na nikalishika taulo kwa mikono miwili, maana Mama mwenyewe ni wa Asembo, na Baba alikuwa wa hapa Seme, na wanawake wa zamani waliolewa kila mahali.

"Uyoma," akasema. "Uyoma, Mama. Nina hakika."

Mama akahesabu tena tangu mwanzo, midomo ikitembea, maji yakidondoka kutoka vidoleni mwa Gordon. Kisha akakunjua vidole vyote.

"Basi," akasema, "sisi si ndugu."

Akaniambia nilete kiti kingine mezani. Nikaketi, nikainamisha kichwa juu ya sahani, nikamshukuru Mungu, nikamshukuru Baba, na nikamshukuru sana yule nyanya wa Uyoma, nisiyejua hata jina lake, aliyekuwa na akili ya kuzaliwa mbali na kwetu.